Mfumo unaobeba kila kitu chake: nilivyoujaribu kutoka Migori hadi Homa Bay

Laptopu yako ina miaka mingapi? Kama uliinunua ya mtumba, RAM ya GB 4 au chini ya hapo, huenda umeshaona ule ujumbe kwamba mashine yako haifai kupokea Windows 11. Windows 10 nayo ilifika mwisho wa masasisho ya bure ya usalama Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojisajili katika mpango wa nyongeza wa muda. Kwa hivyo umebaki na mashine inayowaka vizuri, kibodi nzima, skrini bila mkwaruzo, lakini mwenye mfumo ameshakuaga.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea hivyo hivyo na kuomba Mungu. Ya pili ni kumpelekea fundi wa pale stendi ainunue kwa bei ya kutupa. Ya tatu ni kuhamia Linux, mfumo huru ambao keneli yake ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao mpaka leo unaupata bila kulipa senti. Njia hii ya tatu ina milango mingi. Mingine ni mipana, kama Ubuntu na Linux Mint, ambayo mtu yeyote anaingia. Mimi niliamua kupita mlango mwembamba kuliko yote niliyoiona. Unaitwa Oasis.

Nakwambia mapema ili usije ukanilaumu baadaye: usiuweke kwenye laptopu unayoitegemea. Lakini uujaribu. Nitakueleza kwa nini yote mawili ni kweli.

Ploti na boti

Oasis ni mfumo mdogo wa Linux ulioanzishwa na msanidi anayeitwa Michael Forney. Bado unajengwa, si bidhaa iliyokamilika yenye huduma kwa wateja. Kinachoutofautisha na mifumo mingine ni jambo moja: programu zake zote za msingi zimeunganishwa kwa njia tuli. Maneno hayo yanatisha bure. Hebu tuyafungue.

Umewahi kuishi kwenye ploti yenye mfereji mmoja? Vyumba kumi, mfereji mmoja uani. Ni busara, maana landilodi hawezi kununua mifereji kumi. Ukianza kuvuja na akaurekebisha, nyote mmepona siku hiyo hiyo. Lakini ukivunjika asubuhi ya Jumatatu, hakuna anayeoga. Tena landilodi akileta mfereji mpya wenye mdomo tofauti, mpira wako wa zamani hauingii, hata kama wewe hukumkosea mtu.

Programu nyingi kwenye kompyuta na simu yako zinaishi kwenye ploti. Programu ya picha, ya muziki na ya intaneti haziji na kila kitu. Zinategemea vifurushi vya msimbo vilivyowekwa mahali pamoja, vinavyoitwa maktaba. Kazi kama kuandika herufi kwenye skrini au kufunga data kwa siri imeandikwa mara moja kwenye maktaba, na programu kumi zinaichota humo kila zinapowashwa.

Sasa fikiria wavuvi wa omena wanaoondoka ufuoni Homa Bay giza likiingia. Taa imo botini, wavu umo, maji ya kunywa yamo, na chakula kimo. Usiku wa manane katikati ya Nam Lolwe hakuna jirani wa kuazima betri. Ulichosahau umekisahau.

Hiyo ndiyo programu tuli. Wakati wa kuijenga, sehemu zote za maktaba inazozihitaji zinanakiliwa na kushonwa ndani yake. Matokeo ni faili moja. Ukiiwasha haimuulizi mtu kitu. Oasis umechukua wazo hilo na kulifikisha mwisho: amri za kawaida, programu inayochora madirisha kwenye skrini, hata kivinjari cha intaneti, kila kimoja ni boti yake.

Kuujenga Migori

Nilijaribu kwa laptopu mbili. Moja yangu ya kazi, yenye Linux ya kawaida, ambayo sikuigusa zaidi ya kuitumia kama karakana. Ya pili ni kuukuu, ya kujaribia, haina faili ambayo ingeniliza. Funzo hilo nililipata kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na hamu ya mfumo mpya, nikabonyeza kitufe cha kufuta diski nzima bila kusoma vizuri, na ripoti yangu ya atachimenti ikaenda nayo. Wiki tatu za kazi. Niliiandika upya kwa kumbukumbu, usiku, kwenye saiba. Kwa hivyo ukiniona narudia neno nakala katika makala haya, vumilia.

Ukizoea mifumo mikubwa, utatafuta faili moja ya kupakua, uichome kwenye flashi, ubonyeze endelea, endelea, maliza. Hapa mambo ni tofauti. Kazi yenyewe inaanza kwa msimbo. Unachukua hazina ya mradi kwa kutumia Git, kisha unaandika orodha ya vitu unavyotaka katika faili ya lugha ya Lua. Unataka kicheza video? Kiandike. Hutaki kivinjari? Kiache. Halafu chombo kinachoitwa Ninja kinasoma mpango huo na kugeuza msimbo kuwa programu, kimoja baada ya kingine.

Bando ndilo litakalokuuma kwanza. Msimbo wa kila programu unavutwa kutoka hazina yake, kwa hivyo usianze na ile data ya saa moja uliyonunua kwa shilingi ishirini. Tafuta Wi-Fi ya chuo au ya rafiki mwenye moyo.

Kisha stima. Ilipotea katikati ya kazi, na betri ya laptopu yangu ya karakana ni ya kuhesabu dakika. Nilikaa gizani nikiwa na hakika kwamba nitaanza upya. Stima iliporudi niliandika amri ile ile, na Ninja ikaendelea kutoka pale ilipofika. Inakumbuka kilichokwisha na inajenga kilichobaki tu. Kwa mtu wa mji unaokatika stima, hiyo si sifa ndogo.

Ukimaliza unaona nini? Skrini nyeusi, mistari michache, kisha alama inayosubiri uandike. Basi. Hakuna wimbo wa kukaribisha wala picha ya mlima. Unaandika amri, inajibu papo hapo. Laptopu kuukuu iliyokuwa ikipumua kama mgonjwa wa pumu chini ya mfumo wake wa zamani ilifika hapo kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Kuna pia mazingira ya madirisha, yanaitwa velox, yameandikwa na Forney huyo huyo. Unayaendesha kwa kibodi zaidi kuliko kipanya. Siku ya kwanza vidole vinagombana. Siku ya tatu unaanza kushangaa kwa nini ulikuwa unasukuma kipanya huku na huku.

Kitu kilichonivutia zaidi hakionekani kwa macho. Mfumo mzima wa faili za msingi unatunzwa na Git, chombo ambacho watengenezaji programu hukitumia kuweka historia ya kazi yao. Oasis hauna duka la programu. Ukibadilisha orodha yako na kujenga upya, mabadiliko yanaingia kama ukurasa mpya wa historia. Ukiharibu, unaweza kuona ulichobadilisha na kurudi nyuma. Kama uko chuoni na mwalimu amekuwa akikwambia ujifunze Git ukawa unaahirisha, huu mfumo hautakupa nafasi ya kuahirisha.

Flashi ndani ya Probox

Jumamosi nilipanda Probox hadi Rongo, nikaunganisha nyingine hadi Homa Bay, magoti kidevuni kama kawaida ya gari hizo, flashi ikiwa mfukoni. Ndani yake niliweka programu chache nilizojenga Migori. Nilitaka kuona kama yale maneno ya kubeba kila kitu ni ya kweli au ni ya matangazo.

Rafiki anayesoma mjini humo alikuwa na laptopu yenye Linux ya zamani, toleo ambalo hajalisasisha kwa muda mrefu kwa sababu ya hilo hilo bando. Kwanza nilimpa programu ya kawaida, niliyoijenga kwenye laptopu yangu bila utuli. Ikakataa kuwaka. Ujumbe ulisema inatafuta toleo jipya zaidi la maktaba ya msingi ya C, na yeye ana la zamani. Ule mpira na mfereji. Suluhisho la kawaida lingekuwa asasishe mfumo wake wote, yaani bando zaidi, kwa ajili ya programu moja ndogo.

Kisha nikaweka ile tuli. Ikawaka mara moja. Hatukuwasha data wala kusakinisha chochote.

"Omera, ni hivyo tu?" akauliza.

Ni hivyo tu, lakini kwa masharti. Tulijaribu kuinakili kwenye simu yake, haikufanya kazi, kwa sababu prosesa ya simu nyingi ni ya aina ya ARM na programu ile ilijengwa kwa prosesa za Intel na AMD. Kwenye Windows ya kawaida pia haitawaka. Boti inabeba chakula chake, lakini haibebi ziwa. Keneli na aina ya prosesa lazima zilingane.

Bado fikiria maana yake kwako. Uko Mbita, Nyatike au Kuria, intaneti inakuja na kwenda. Umeandika programu ya kuhesabu mauzo ya duka la mama yako au kusoma data ya kipima mvua cha shule. Ukiijenga kwa njia tuli, unaipeleka kwa flashi, inafanya kazi, na mwaka kesho itafanya kazi bado hata kama kila kitu kilichoizunguka kimebadilika.

Boti ikipata tundu

Usidhani mfereji wa pamoja ni ujinga. Aprili 2014 ulimwengu uligundua kasoro iliyopewa jina Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba inayofunga data kwa siri kwenye tovuti nyingi. Wadukuzi wangeweza kunyonya vipande vya kumbukumbu ya seva, pamoja na nywila. Waliokuwa kwenye ploti walirekebisha maktaba moja, wakawasha upya programu zao, na zote zilizoitegemea zikapona. Mwenye programu tuli ingembidi ajue ni boti zipi zimebeba ule msimbo mbovu, kisha azijenge upya zote, moja moja. Ukisahau moja, inabaki na tundu na haisemi.

Lakini Machi 29, 2024 hadithi iligeuka upande wa pili. Mhandisi Andres Freund alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye kompyuta kupitia SSH kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Alifuatilia akakuta mtu amepachika mlango wa siri ndani ya XZ, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Unajiuliza, kubana faili kunahusiana vipi na SSH? SSH yenyewe haikuihitaji. Mifumo kadhaa mikubwa ilikuwa imeiunganisha SSH na maktaba nyingine ya systemd, na hiyo ikaivuta maktaba ya XZ nyuma yake. Rafiki wa rafiki aliingia nyumbani bila kubisha. Mfumo unaobeba vitu vichache, na ambao umeandika mwenyewe orodha ya kilichomo, unamwachia mgeni wa aina hiyo milango michache.

Kwa hivyo usimwamini anayekwambia njia moja ni salama na nyingine ni hatari. Swali la kujiuliza ni nani atafanya kazi ya kurekebisha. Kwenye Ubuntu kuna timu nzima inayokuletea masasisho. Kwenye Oasis, timu hiyo ni wewe.

Usichoweza kufanya humo

Tuseme ukweli. Kivinjari kinachokuja na Oasis ni NetSurf, chepesi sana, lakini uwezo wake wa kuendesha JavaScript ni mdogo. Tovuti nyingi za leo zimejengwa juu ya JavaScript. Usitarajie kuomba mkopo wa HELB, kuchagua kozi KUCCPS au kuhudhuria darasa la Zoom ukiwa humo, hasa siku ya mwisho ya kutuma maombi. Firefox na Chrome hazimo, maana programu kubwa kama hizo hazikubali kwa urahisi kufungwa kwenye faili moja tuli. Hakuna Microsoft Word, na kazi ya kuchapisha karatasi itakutoa jasho. Wi-Fi nayo inategemea kadi iliyo ndani ya laptopu yako na kama ulikumbuka kuweka msimbo wake ulipojenga keneli.

Tena ukikwama, hutapata video elfu moja za kukuelekeza kama za Ubuntu. Watu wanaoujenga ni wachache, na kitu kilichofanya kazi mwezi uliopita kinaweza kubadilika. Ndiyo maana ya mfumo ambao bado unajengwa.

Kama unachotaka ni laptopu ya zamani iishi tena, uandike kazi za chuo na utazame sinema, chagua Linux Mint au Lubuntu na ulale usingizi wako. Ukitaka udogo bila mateso yote haya, kuna Alpine Linux. Huo unatumia maktaba ya msingi ya musl kama Oasis, lakini programu zake nyingi zinashiriki maktaba na una duka la programu la kawaida.

Basi kwa nini usumbuke?

Kwa sababu ya kile utakachokijua ukimaliza. Wengi wetu tunajifunza kompyuta kwa kuonyeshwa mahali pa kubonyeza. Menyu ikihamishwa, tunapotea. Ukijenga mfumo kwa mkono wako, hata mara moja, unaanza kujua kilichomo: keneli ni nini, nani anawasha programu ya kwanza, faili za mipangilio ziko wapi, na kwa nini programu moja inakataa kuwaka kwenye mashine ya jirani.

Ujuzi huo unalipa bili. Lugha ya Go, iliyotoka Google, inapendwa na wanaoendesha seva kwa sababu, miongoni mwa mengine, inaweza kutoa faili moja tuli unayoipeleka popote. Docker na Kubernetes, vyombo utakavyovikuta kwenye matangazo mengi ya kazi za seva, vimeandikwa kwa Go. Ruta nyingi za intaneti zina BusyBox, programu moja ndogo iliyobeba amri nyingi za Linux. Ukiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, cha Tom Mboya au chuo cha kiufundi cha Mawego, huhitaji kusubiri maabara mpya ili uanze kuyaelewa haya. Laptopu ambayo fundi amekataa inatosha.

Kuna nafasi nyingine pia. Maelezo ya Oasis yote ni ya Kiingereza, na mafupi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kupitia mradi wa Kilinux. Kazi hiyo ilifanyika wakati wengi wetu hatujashika kipanya. Mwongozo mmoja mzuri wa Kiswahili, ulioandikwa na mtu aliyejenga mfumo kwa stima ya kukatika, ni mchango ambao bado haujachukuliwa na mtu.

Anza wikendi hii

Kwanza, weka nakala ya faili zako muhimu mahali pawili, kimoja kiwe nje ya laptopu. Fanya hivi hata kama hutajaribu kitu kingine chochote nilichosema.

Pili, usianze na Oasis. Anza na wazo lake. Kwenye Linux yoyote, andika programu fupi ya C inayosema habari, uipe jina salamu.c. Ijenge kwa amri gcc salamu.c -o salamu, kisha uijenge tena kwa gcc -static salamu.c -o salamu-tuli. Linganisha ukubwa: ya kwanza ni takriban KB 16, ya pili inakaribia KB 800 au kuzidi. Umeona uzito wa mizigo botini. Sasa andika ldd salamu uone orodha ya maktaba inazozitegemea, kisha ldd salamu-tuli. Ya pili haitakuwa na orodha.

Tatu, sakinisha musl na ujenge tena kwa musl-gcc -static. Ukubwa utashuka sana, chini ya KB 100. Hapo utaelewa kwa nini Oasis wamechagua maktaba hiyo.

Nne, sasa jaribu Oasis wenyewe ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta yako. Ukiharibu humo, umeharibu faili moja tu. Unaifuta, unaanza upya.

Tano, ikiwa bado una hamu, tafuta mashine ya pili. Nenda kwa fundi umuulize kuhusu zile laptopu zilizokaa kwenye rafu zikisubiri kuuzwa vipuri. Hakikisha prosesa ni ya biti 64. Mweleze unachotaka kufanya. Atakucheka kwanza, halafu atakuuliza kama ukifaulu utarudi umwonyeshe.